Mzee wa baiskeli yenye mabawa: aliruka au hakuruka?

Swali la safari hii nalifupisha maana lilikuwa refu. Baba mmoja ameandika hivi: "Mwalimu shikamoo. Mwanangu ana miaka 14, ameniletea kwenye simu picha ya mzee mmoja wa Kijerumani kavaa kofia ngumu, kasimama na baiskeli iliyofungwa mabawa ya plastiki na vijiti. Maelezo chini ya picha yanasema huyu alikuwa jiniasi, serikali ikamfungia hospitali ya vichaa miaka 35 kwa sababu aligundua namna ya binadamu kuruka bila injini. Je ni kweli? Aliruka? Na kama hakuruka, mbona vitu vyake vinawekwa kwenye maonyesho? Swali la mwisho ndiyo linaniumiza kichwa, kijana sasa anataka kufunga mabawa kwenye baiskeli yake, nimzuie au nimwache?"

Marahaba. Nimefurahi umeuliza kabla kijana hajapanda mlima wowote.

Huyo mzee anaitwa Gustav Mesmer, na hayo maelezo uliyosoma yana ukweli nusu na uongo nusu, tena uongo wenyewe umekaa pabaya. Kweli alikaa ndani ya hospitali za wagonjwa wa akili miaka 35. Kweli alitengeneza baiskeli za kuruka, nyingi tu. Ila hakufungiwa kwa sababu ya kugundua kitu. Mambo yalikwenda kinyume chake, alifungiwa kwanza, halafu wazo la kuruka likamkuta humo humo ndani. Na baiskeli zake hazikuruka. Sasa ukiniacha niishie hapo utadhani nimemdharau, wakati mimi huyu mzee namheshimu kuliko wahandisi kadhaa niliokaa nao meza moja, kwa hiyo nivumilie nieleze taratibu.

Mesmer alizaliwa mwaka 1903 Altshausen, kusini mwa Ujerumani, sehemu wanayoiita Upper Swabia kwa Kiingereza, Oberschwaben kwa wenyewe. Ilikuwa familia kubwa na ya kawaida tu. Shule aliiacha mapema akaenda kufanya kazi mashambani kwa watu. Akiwa kijana akaingia monasteri ya Wabenediktini kule Beuron, akakaa kama miaka sita hivi, lakini akatoka bila kuwa mtawa kamili, akarudi kwao akaanza kujifunza useremala. Ndiyo mwaka 1929 siku moja akaingia kanisani kwenye ibada ya kipaimara, akasimama mbele za watu akasema hapa hapatolewi damu ya Kristo na mambo yote haya ni utapeli. Basi. Akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Schussenried, wakaandika skizofrenia, na mlango ukafungwa. Alikuwa na miaka 26.

Mimi si daktari, siwezi kukaa hapa nikasema alikuwa mgonjwa au hakuwa. Ninachokijua ni kwamba mtu aliyefanya fujo ya asubuhi moja kanisani alikuja kutoka mwaka 1964 akiwa na miaka 61, na kati ya hapo alijaribu kutoroka mara nyingi tu wakawa wanamrudisha.

Humo ndani walimpa kazi. Alijifunza kushona na kujalidi vitabu, baadaye na kusuka vikapu, na hii kazi ya vikapu iweke akilini tutairudia. Mwaka 1932 akasoma kwenye gazeti habari za watu waliokuwa wanataka kuruka kwa baiskeli, yaani kwa nguvu ya miguu peke yake. Hapo ndipo kitu kilipomwingia. Akaanza kuchora. Na kwenye faili lake la hospitali ikaandikwa kwamba mgonjwa amebuni mashine ya kuruka na analeta michoro, ikachukuliwa kuwa ni sehemu ya ugonjwa wake. Kule walikuwa na jina kabisa la hali hiyo, wazimu wa uvumbuzi. Mtu anachora bawa, daktari anaandika dalili.

Sasa angalia hiki kitu maana ndicho kinachonifanya niandike ndefu hivi. Mwaka huo huo, 1932, mjini Moscow, kulikuwa na msanii anaitwa Vladimir Tatlin. Huyu alishakuwa na jina kubwa, ndiye aliyebuni ule mnara wa chuma na kioo uliokusudiwa kufika mita 400 ambao haukujengwa kamwe. Tatlin alikuwa amekaa miaka kama mitatu ndani ya mnara wa ile monasteri kongwe ya Novodevichy, serikali ya Kisovieti imempa karakana, ana wasaidizi, mmoja daktari wa upasuaji mwingine mwalimu wa urubani, wanasoma jinsi ndege wanavyopiga mabawa na wanakunja mbao nyepesi na kuziunga kwa ngozi na mfupa wa nyangumi na kitambaa cha hariri. Alikuwa anatengeneza nini? Mashine ya kuruka kwa nguvu ya mtu mwenyewe, ya kupiga mabawa, akaiita Letatlin, yaani kalichanganya jina lake na neno la Kirusi la kuruka. Na alisema anataka kiwe kitu cha kila siku, baiskeli ya hewani. Ikaonyeshwa 1932 kwenye jumba la makumbusho ya sanaa Moscow. Nayo haikuruka hata siku moja, lakini Tatlin yumo kwenye kila kitabu cha historia ya sanaa ya karne ya 20.

Yaani watu wawili, mwaka mmoja, wazo moja, tena karibu kwa maneno yale yale. Mmoja wakamwekea taa na watazamaji, mwingine wakamwekea maandishi ya faili. Mimi sisemi Mesmer alikuwa Tatlin, Tatlin alikuwa na mkono wa fundi wa miaka mingi na kazi yake ukiitazama kwa karibu ni nzuri ya kutisha. Ninachosema ni kwamba mtu akikuambia "yule alikuwa kichaa kwa sababu alitaka kuruka kwa baiskeli", muulize na Tatlin je.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo zile posti za jiniasi aliyefichwa huwa zinairuka, na ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 1940 utawala wa Hitler ulianza kuua wagonjwa wa akili na walemavu, na kituo cha kwanza cha mauaji hayo kwa gesi kilikuwa Grafeneck, kasri moja lililoko kwenye milima ya Swabia. Ndani ya mwaka mmoja huo waliuawa pale watu 10,654. Mabasi yalikuwa yanakwenda kuwachukua wagonjwa kwenye hospitali za eneo lile, na Schussenried ilikuwa mojawapo. Mesmer alikuwa humo. Wenzake waliondoka wakawa hawarudi. Yeye alibaki, na ukijua vigezo vya wale wauaji unaelewa kidogo, walikuwa wanaangalia nani anafanya kazi na nani hafanyi kazi, na yeye mikono yake ilikuwa inafanya kazi. Mwaka 1949 akahamishiwa hospitali nyingine, Weissenau karibu na Ravensburg, akakaa miaka 15 mingine.

Halafu 1964 wakamwachia aende kuishi kwenye makazi ya wazee na watu wa kutunzwa katika kijiji cha Buttenhausen, bonde la mto Lauter. Ukifungua ramani utaona Buttenhausen na Grafeneck si mbali, unaweza kwenda kwa baiskeli. Sijui aliwaza nini juu ya hilo na sitamwekea maneno mdomoni.

Hapo Buttenhausen ndipo alipopata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, yaani nafasi, muda na takataka. Takataka nasema kwa heshima zote, maana ndiyo malighafi yake. Baiskeli kuukuu, vijiti vya miavuli, waya, kamba, mabati mepesi, mabanzi ya mbao, karatasi za plastiki. Na ule ujuzi wa kusuka vikapu sasa ukaonekana kazi yake, kwa sababu mtu aliyesuka vikapu anajua namna ya kupata umbo kubwa lenye kujikaza kwa kutumia vitu vyembamba vyepesi, na bawa la kizamani ni nini kama si kikapu kilichofunikwa ngozi. Akatengeneza baiskeli moja baada ya nyingine. Nyingine zina mabawa mawili pembeni ya kupigwa, nyingine zina kitu kama mwavuli mkubwa au mapanga ya helikopta juu ya kichwa. Akatengeneza viatu vyenye springi chini ili mtu aruke juu kwanza halafu mabawa yampokee. Pembeni ya hayo akatengeneza vyombo vya muziki vya ajabu ajabu na mashine ya kuongea. Na michoro, michoro mingi, mashine zinapita juu ya mapaa na vilima huku pembeni kajaza maandishi yake ya mkono. Mwenyewe alijiita mjenzi wa baiskeli za kuruka, na watu wakamwita Icarus wa bonde la Lauter, kwa jina la yule kijana wa hadithi za Kigiriki aliyeruka kwa mabawa.

Nia yake ilikuwa ndogo tu na ndiyo inanigusa. Hakutaka kwenda mwezini, hakutaka kuvuka bahari. Alitaka mtu wa kawaida aweze kupanda baiskeli na kuruka kutoka kijiji hiki mpaka kijiji cha pili.

Alikuwa anasukuma mashine yake mpaka juu ya mteremko, anavaa kofia, anashuka. Magurudumu yanabaki chini. Sasa twende kwenye swali la kwa nini, hapa ndiyo mkate wangu.

Bawa linanyanyua kwa kusukuma hewa kwenda chini. Kadiri linavyokwenda kasi na kadiri lilivyo kubwa ndivyo linavyonyanyua zaidi, na kasi inahesabika mara mbili, yaani ukiongeza kasi maradufu nguvu ya kunyanyua inakuwa mara nne. Tuchukue mtu wa kilo 65, baiskeli ya chuma kilo 20, mabawa kilo 10, jumla kilo 95. Tuseme mabawa yake yana eneo la mita nne za mraba, na ni mabawa mazuri ya kawaida, si ya miujiza. Ukipiga hesabu, ili hewa ibebe huo mzigo inabidi uende kasi ya kilomita 70 kwa saa hivi. Kwa baiskeli. Ikiwa na mabawa yanayoburuta hewa kila upande.

Na hapo hatujagusa nguvu bado. Mashine ya aina hiyo, iliyojaa vijiti na waya na mtu aliyekaa wima kifua mbele, hewa inaiburuta kwa nguvu kama moja ya nane ya uzito wake, na hapo nimemwonea huruma. Kuisukuma kwa kasi hiyo unahitaji kitu kama wati 2,270. Mtu mzima mwenye afya akipiga pedeli kwa muda mrefu anatoa wati mia na kitu, labda mia mbili. Mwendesha baiskeli wa mashindano atatoa mia tatu na zaidi. Elfu moja kwenda juu ni sekunde chache za kukata pumzi halafu unalala chini. Kwa hiyo hata ungempandisha bingwa wa dunia kwenye baiskeli ya Mesmer asingeweza kuirusha ikae hewani.

Sasa angalia nikibadilisha namba moja tu. Eneo la mabawa, badala ya mita nne za mraba weka sitini. Uzito uache ule ule kilo 95. Kasi inayotakiwa inashuka mpaka kilomita 18 kwa saa, mwendo wa mtu anayeenda dukani bila haraka. Na kwa kuwa sasa mabawa ni marefu na membamba, yanaburuta kidogo sana, tuseme moja ya ishirini ya uzito, basi nguvu inayotakiwa ni wati 235. Umeona? Tumetoka kwenye kitu kisichowezekana kabisa tukaingia kwenye kitu ambacho mtu mwenye mazoezi anaweza. Wazo ni lile lile la baiskeli. Shida ni kujenga mabawa ya mita sitini za mraba bila kuongeza uzito, na hapo ndipo karne nzima ya watu walipokwama.

Aliyeikwamua ni Mmarekani Paul MacCready, mwaka 1977. Tajiri mmoja wa Uingereza, Henry Kremer, alikuwa ameweka zawadi tangu 1959 kwa atakayeruka kwa nguvu zake mwenyewe akazungushia namba nane kati ya nguzo mbili, na hiyo zawadi ilikuwa imepanda mpaka pauni 50,000. MacCready akajenga Gossamer Condor, mabawa mita 29 kutoka ncha mpaka ncha, uzito wa chombo kitupu kilo 32 tu. Tarehe 23/8/1977 kule Shafter, California, mwendesha baiskeli Bryan Allen akapiga pedeli akamaliza namba nane. Miaka miwili baadaye, 12/6/1979, huyo huyo Allen akavuka mlango bahari wa Uingereza na Ufaransa kwa chombo cha pili, Gossamer Albatross, saa 2 na dakika 49 za pedeli mfululizo.

Unajua Condor ilitengenezwa kwa nini? Mabomba membamba ya aluminiamu, waya, na karatasi ya plastiki. Plastiki! Wahandisi wengine waliokuwa wanagombea ile zawadi walikuwa wanajenga vitu vizuri vya kung'aa vya mbao laini, vikianguka mara moja ni miezi ya kurekebisha. MacCready akajenga kitu kibaya cha kutazama ambacho kikianguka unakifunga gundi ya utepe kesho kinaruka tena. Wakati hayo yanatokea California, Mesmer alikuwa na miaka 74, yuko Buttenhausen, naye anafunga plastiki kwenye vijiti. Mimi nikiwaza hilo huwa nacheka kidogo halafu nanyamaza. Moyo wa MacCready Mesmer alikuwa nao, kujenga, kuvunja, kujenga tena, kutodharau vifaa vya bei rahisi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia namba. Mtu mmoja tu wa kukaa naye jioni moja akamwambia, mzee, mabawa yako yaongeze mara kumi na tano. Miaka 35 ambayo mtu angekuwa anakutana na watu wa aina hiyo, yeye alikuwa anakutana na muuguzi.

Utaniambia, lakini mwalimu, yeye alitaka mabawa ya kupiga, si ya kutulia bila kupigwa kama ya Condor. Kweli, na kupiga mabawa ni kugumu zaidi. Ndege ana misuli ya kifua ambayo ni sehemu kubwa ya mwili wake mzima, sisi vifua vyetu ni vya kubebea watoto tu. Nguvu yetu iko miguuni, na ndiyo maana kuanza na baiskeli, kama alivyoanza Mesmer, ilikuwa akili kuliko wale wote waliojifunga mabawa mikononi kabla yake. Na kupiga mabawa pia kumewezekana. Tarehe 2/8/2010 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walirusha Snowbird, chombo cha kupiga mabawa kwa miguu ya rubani, kikakaa hewani sekunde 19.3 na kusafiri mita 145. Mabawa yake mita 32, uzito kilo arobaini na kitu, na hata hivyo kilivutwa kwanza na gari ili kipate mwanzo. Na ile ya mapanga juu ya kichwa? Wengi wa kundi hilo hilo, mwaka 2013, walinyanyua helikopta ya pedeli inaitwa Atlas, ikakaa juu zaidi ya dakika moja na kufika mita 3.3. Chombo chenyewe kikubwa kama uwanja, lazima ndani ya jengo, upepo kidogo tu kinavunjika.

Kwa hiyo vile vitu vitatu alivyovichora, baiskeli ya mabawa, baiskeli ya kupiga mabawa, baiskeli ya helikopta, vyote vimekuja kuruka mikononi mwa watu wengine. Hakuna hata kimoja ambacho mtu wa kawaida angekitumia kila siku kwenda kijiji cha pili, hilo nalo tuseme.

Swali lako la pili, mbona vinaonyeshwa kama havikuruka. Hapa watu huwa wanajibu haraka sana kwamba "kwa sababu ni sanaa", kama vile sanaa ni kapu la kutupia mashine zilizoshindwa. Mimi siipendi hiyo. Kuna msanii wa Ubelgiji, wa Antwerp, aliyejiita Panamarenko, alizaliwa 1940 akafariki 2019. Yeye alijenga vyombo vya kuruka maisha yake yote, akiwa msanii anayejulikana, kazi zinanunuliwa. Puto lake refu, Aeromodeller, lenye kikapu cha abiria kilichosukwa, ana kwa ana linatisha kwa ukubwa, mwaka 1971 alitaka kulipeleka kwa njia ya hewa kutoka Ubelgiji mpaka kwenye maonyesho ya sanaa Uholanzi, upepo ukalishinda. Panamarenko alijua anacheza kwenye mpaka, mguu mmoja sayansi mguu mmoja utani, na alipenda tusijue yupo wapi. Mesmer hakuwa anacheza. Kila baiskeli aliijenga akiamini hii ndiyo yenyewe, au ile inayofuata. Ukitazama kazi zao bila kujua tofauti hiyo utaona zinafanana, ukishaijua hazifanani tena hata kidogo.

Ndiyo maana wanaomweka Mesmer kwenye fungu la sanaa ya watu wasiosomea sanaa, ile ambayo Mfaransa Jean Dubuffet aliipa jina la art brut miaka ya arobaini, wana sababu lakini mimi naona wanamwacha nusu. Ukisema ni msanii tu, umemwondolea hesabu aliyokuwa anaitafuta. Ukisema ni mvumbuzi aliyeshindwa tu, umetupa michoro ambayo mtu yeyote akiiona anasimama. Kuna Mjerumani mwingine wa aina hii, Charles Dellschau, alihamia Texas, alikuwa muuza nyama, alipostaafu akakaa Houston akachora kwa rangi za maji vyombo vya anga vya kuchekesha daftari baada ya daftari mpaka akafa 1923, na madaftari hayo yakaja kutupwa barabarani miaka ya sitini yakaokotwa na mtu wa vitu chakavu. Ila Dellschau alichora tu. Mesmer alichora, akajenga, akapanda, akashuka mteremko na mwili wake mwenyewe. Hapo kuna kitu ambacho mchoro peke yake hauna.

Na kule kwao hawakosi sababu ya kuwa makini kabla ya kumcheka mtu wa mabawa. Mji wa Ulm haupo mbali na bonde lile. Mwaka 1811 fundi cherehani wa Ulm, Albrecht Berblinger, ambaye pia alikuwa ametengeneza mguu wa bandia wenye kiungo, alijitupa na mabawa yake kutoka juu ya ukuta wa mji ili avuke mto Danube mbele ya wakubwa na umati, akaanguka mtoni. Watu wakamcheka mpaka akafa maskini mwaka 1829. Baadaye wataalamu wakaja kueleza kwamba pale alipochaguliwa kuruka, juu ya mto wa maji baridi, hewa inashuka badala ya kupanda, hata glaida nzuri ya leo, yaani ndege isiyo na injini, inapata shida, na mabawa yake yenyewe hayakuwa ya kijinga. Sasa hivi wanajivunia naye. Ilichukua karne moja na ushee.

Mesmer hakungoja karne. Mwaka 1992, akiwa na miaka 89, moja ya baiskeli zake iliwekwa kwenye banda la Ujerumani katika maonyesho ya dunia ya Seville, Hispania. Nchi iliyomweka ndani miaka 35 ikamchukua kuiwakilisha. Alifariki mwisho wa mwaka 1994.

Haya, kijana wako. Usimzuie kujenga, mzuie kupanda. Tofauti ya Mesmer na kijana wa miaka 14 ni kwamba Mesmer kwa mabawa yake madogo hakunyanyuka, na kutonyanyuka ndiyo usalama wenyewe. Kinachoumiza watu ni kunyanyuka nusu, mita mbili tatu, upande mmoja wa bawa unakatika hapo hapo. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa glaida zake karibu mara 2,000 na anajua kuliko mtu yeyote wa wakati wake, alianguka Agosti 1896 akavunjika uti wa mgongo akafa kesho yake. Kwa hiyo miteremko hapana, mapaa hapana, na gari la kumvuta ndiyo kabisa hapana.

Mpe hesabu ile niliyoandika juu afanye mwenyewe, apime uzito wake na baiskeli yake, apime eneo la mabawa anayoyataka, aone kasi inayotoka. Akiona namba atakasirika siku mbili, halafu atakuja na swali zuri. Akifika hapo mwambie aanze na kidogo. Mfaransa Alphonse Pénaud mwaka 1871 alitengeneza kindege cha vijiti na karatasi, mabawa sentimita 45 tu, propela nyuma, injini yake ni mpira uliosokotwa. Akakirusha mbele ya watu kwenye bustani ya Tuileries, Paris, kikakaa hewani sekunde 11 kimenyooka bila mtu kukishika. Vifaa vyote unavyo nyumbani, vijiti vyembamba, karatasi nyepesi, gundi, mpira wa kufungia. Siri iko kwenye kile kibawa kidogo cha mkia, akiinamishe kidogo sana ukingo wa nyuma uelekee juu, na uzito ukae mbele ya katikati ya bawa kubwa. Kitaanguka mara ya kwanza, ya pili, ya ishirini. Asibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, na kila kikianguka aandike alibadilisha nini.

Akifikisha sekunde 11 mwambie aniandikie, nitampa hesabu ya mabawa yanayofuata.